Siku Niliyotafsiri "Ee"

Nakumbuka baraza moja la Kitengela, mwanangu. Nimesikia umechaguliwa kuwa katibu kule Kimana, kwenye mkutano wa Alhamisi wa kuamua kama njia ya mifugo kuelekea majini ifungwe au iachwe wazi. Wakulima wa vitunguu watakaa upande huu, wenye ng'ombe upande ule, nawe katikati na kalamu yako. Wenzangu wanakupongeza. Mimi nina wasiwasi, na sitaki kukuficha.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nimemaliza kidato cha nne, nafanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi. Nilikuwa na tai moja nyekundu, na nikiivaa nilijiona mtu wa maana sana. Usicheke, hata wewe una mambo yako.

Wakati huo mashamba ya Kitengela yalikuwa yakikatwa ploti na kuuzwa, na kati ya ploti hizo kulibaki njia moja tu ya ng'ombe kutoka malishoni hadi mtoni. Mjomba wangu Koinet, kaka yake mama, alikuwa amepitisha ng'ombe wake hapo tangu ujana. Kulikuwa na sehemu nyingine ya kunyweshea, lakini ili ufike huko ilibidi uvuke barabara ya lami iendayo Namanga, na madereva wa malori hawapunguzi mwendo kwa ajili ya ndama.

Mama Mwende alikuwa ametoka Machakos na mumewe, wakanunua ploti kando ya njia hiyo. Ng'ombe walikuwa wamemkanyagia maharagwe mara mbili, na siku moja nusura wamkanyage binti yake akitoka shule. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Alikuwa na hofu ya mzazi, na majirani zake wenye ploti walikuwa na hofu hiyohiyo. Wakaomba njia ifungwe.

Naibu wa chifu akaitisha baraza. Mjomba Koinet na wazee wenzake hawakujua Kiswahili vizuri, kwa hiyo mimi, mwenye tai, nikapewa kazi ya kutafsiri. Mama Mwende alizungumza kwa adabu. Alieleza habari ya maharagwe, nami nikaigeuza kwa Kimaasai. Mjomba akaitikia, "Ee." Mama Mwende akaeleza habari ya mtoto, nikaigeuza. Wazee wakaitikia, "Ee." Akasema wenye ploti wanaomba kuweka ua mwezi huohuo. "Ee."

Jua lilikuwa limetuchoma vya kutosha. Dukani walikuwa wakiningoja. Naibu wa chifu akaniuliza, "Sasa hawa wazee wanasema aje?"

Hapo ndipo nilipoharibu, mwanangu. Nilipaswa kugeuka na kuwauliza. Badala yake nilijibu palepale, "Wamekubali."

Mama Mwende alinitazama. "Wamekubali kweli? Na hizo ng'ombe zitapitia wapi?"

"Mama, hapa mimi ndiyo najua Kimaasai," nikamwambia, tena kwa madaha. "Wamesema ee. Hiyo ni kukubali."

Watu wakapiga makofi. Mjomba aliposikia makofi alidhani kikao cha siku hiyo kimeisha. Kwa desturi yao, wazee wakishaelezwa jambo hurudi nyumbani kulizungumza wao kwa wao, kisha huja na jibu siku nyingine. Alichukua fimbo yake akaenda zake. Seng'enge ya kufungia njia ilinunuliwa dukani kwetu, na mimi mwenyewe nilisaidia kuipakia.

Baada ya siku chache mjomba alifika pale na ng'ombe wake. Kilikuwa kiangazi kibaya, na walikuwa hawajanywa maji tangu juzi yake. Alikuta nguzo na waya. Waliokuwepo waliniambia alisimama kitambo akiutazama ule ua, kisha akawageuza ng'ombe kuelekea kwenye lami.

Mimi nilikuwa kaunta. Mteja mmoja akaingia akisema ng'ombe za Koinet zimegongwa na lori.

"Na mwenyewe?" nikauliza.

"Sijui. Watu wamejaa huko."

Nilitoka mbio. Sijawahi kukimbia hivyo tena. Nilipofika niliona ng'ombe wawili wamelala barabarani, na pembeni yao shuka nyekundu, na chini ya ile shuka hapakuwa na mtu. Nilizunguka nikiita jina lake, na kila aliyenitazama nilidhani ananionea huruma. Hatimaye nilimkuta ameketi upande wa pili, mkono unamvuja damu, amemshikilia ndama shingoni asirudi barabarani.

"Mjomba, kwa nini ulipitia huku?" Ndilo swali nililoliona la kuuliza, mpumbavu mimi.

Akanijibu kwa Kimaasai, polepole. "Kule kumefungwa. Wananiambia mimi nilikubali. Wewe ulikuwepo. Nilikubali saa ngapi?"

"Ulisema ee."

Alimvuta ndama karibu zaidi. "Juzi nilipokuja kwenu kukupa habari za soko la Illasit, uliniitikia ee tangu mwanzo hadi mwisho. Ulikuwa unakubali nini?"

Nilijua, mwanangu, na hilo ndilo linaloniuma. Tangu utoto nilijua kwamba kwetu ukimwitikia mtu hivyo katikati ya maneno yake unamwambia tu, nakusikia, endelea. Si kwamba sikuielewa ile lugha. Nilikuwa na haraka, na nilitaka nionekane mimi ndiye niliyemaliza mambo.

Jioni ile nilikwenda kwa Mama Mwende nikamweleza ukweli. Alikuwa analima, akaliacha jembe.

"Si nilikuuliza?" akasema. "Mbele ya watu wote, si nilikuuliza? Sasa hawa wazee wanajua ni mimi nimewafungia maji!" Akalia kwa hasira, nami nikabaki nimesimama.

Asubuhi yeye na mumewe waling'oa nguzo zao. Lakini majirani waliofuata walikataa, na mmoja alikuwa ameshaanza msingi wa nyumba. Njia ikafunguka hatua mia moja hivi, kisha ikaishia kwenye seng'enge ya mtu mwingine. Mabaraza mengine yaliitishwa, nikaungama mbele ya kila baraza, haikusaidia. Leo pale pamejaa nyumba za mawe.

Mjomba alipona mkono. Hakunilaani, na alikula nyumbani kwangu kama kawaida. Ila hakuniachia tena neno lake nilipeleke popote. Miaka ya elfu mbili nilimpeleka hospitali Kajiado, figo zikimsumbua. Daktari alimuuliza anaumwa wapi, nikafungua mdomo kutafsiri. Mjomba akainua kiganja kunizuia.

"Hapa," akasema kwa kile Kiswahili chake cha kuokoteza. "Hii. Inauma... inashika, inaacha, inashika."

Daktari hakuelewa, akanigeukia. "Si uko na yeye? Msaidie basi."

"Hapana," mjomba akasema. "Mimi nasema yangu."

Nikakaa kwenye kiti, nikamsikiliza mzee mgonjwa akitafuta maneno, mimi niliyekuwa nayo yote. Niliona haya ambayo siwezi kukueleza. Alifariki miaka kadhaa baadaye, na hadi siku hiyo alisema yake mwenyewe.

Kwa hiyo Alhamisi, mwanangu, usiandike "wamekubali" mpaka umemuuliza kila mwenye neno, kwa lugha yake, kama amekubali, na kama anasema arudi kwanza nyumbani, andika hivyo. Mkutano ukichelewa uchelewe. Wakikuona mzito wa kuelewa, waache wakuone hivyo. Ukitilia shaka, simama uulize tena, na usione aibu.

Mungu akuongoze katika kikao hicho, akupe uvumilivu wa kumsubiri mzee amalize, na ujasiri wa kusema "sijaelewa" mbele ya watu. Mifugo wanywe, na vitunguu vya watu vistawi. Na ukikosea, kwani utakosea, Mungu akujalie kuaminiwa tena ungali na mtu wa kukuamini.