Bi Taratibu na Damu ya Mwoka Mikate

Wenzake walimbandika jina la Bi Taratibu, naye hakulikataa. Alikuwa muuguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi, mama wa makamo mwenye mwili, asiyekimbia hata kengele za mashine zikilia zote kwa mpigo. Shangazi yake, mkunga wa siku nyingi, ndiye aliyemsukuma aende chuo cha uuguzi baada ya kumwona akimlisha bibi mmoja mkorofi kijiko kwa kijiko bila kununa. "Huyu mtoto hana moto," shangazi aliwaambia ndugu, "lakini hazimiki."

Mashine ya kuchuja damu ilipoletwa wodini, wengi waliikwepa. Mirija ilikuwa mingi kama utumbo, na ukiigusa vibaya inapiga makelele. Bi Taratibu aliizoea kama mtu anavyomzoea mama mkwe, kwa kuisikiliza kwanza. Mumewe alimtania kwamba ameolewa tena, safari hii na mume wa umeme.

Asubuhi moja akaletwa mwoka mikate. Ukingo wa bati la kuokea ulikuwa umemkata kiganja, akafunga kitambaa na kuendelea na kazi. Kidonda kikatunga usaha, homa ikapanda. Dada yake, aliyekuwa muuzaji wa duka lao, alimkuta akisema maneno yasiyo na kichwa wala miguu, akamkimbiza hospitali. Kufika huko, maambukizi yalikuwa yameshaenea kwenye damu. Presha imeanguka, figo zimegoma, kupumua ni kwa msaada wa mashine.

Daktari hakumficha dada mtu. Kidonda kimeshasafishwa, na dawa za kuua vijidudu ndizo zinazopigana vita. Mashine ya kuchuja damu itafanya kazi ya figo, na kichujio chake huenda kikanasa na sumu nyingine zilizozagaa.

"Huenda," alirudia. "Zaidi ya hapo sitakudanganya."

Dada mtu akabaki ameuegemea mlango kama aliyesahau njia. Bi Taratibu akamvutia kiti.

"Sista, hiyo damu inakwenda wapi?"

"Haiendi mbali, dada yangu. Inatokea huku, inachujwa hapa, inarudi kwake kwa mrija huu. Iliyo nje haizidi kikombe."

"Kama tunavyochekecha unga."

"Hivyohivyo. Ila unga ukimwagika unafagia, unachota mwingine."

Dada mtu akatabasamu kidogo, akamshika mdogo wake unyayo juu ya shuka.

Mchana Bi Taratibu aliona michirizi myeusi kwenye kichujio. Damu ilikuwa inaanza kuganda ndani. Ikiganda yote, mgonjwa angekipoteza kile kikombe kizima, na hali yake haikuwa ya mtu wa kupoteza kitu. Akamwita daktari, wakakubaliana kwa maneno machache: damu irudishwe sasa hivi, kisha kifungwe kichujio kipya. Akafungulia maji ya chumvi yaisukume damu, macho yakihama kutoka mrijani hadi usoni pa mgonjwa.

"Fanya haraka basi," muuguzi mwenzake akamwambia.

"Ndiyo nafanya," akajibu, na mkono wake haukubadili mwendo.

Mirija ikabaki na rangi ya waridi tu. Kichujio kipya kikafungwa, mashine ikaanza tena kunguruma. Hapo ndipo Bi Taratibu alipogundua kwamba mgongo mzima umelowa jasho.

Kesho yake presha ilianza kujishikilia yenyewe, na daktari akapunguza dawa ya kuipandisha. Kama ni mashine, ni dawa, ni kisu cha mpasuaji au ni ubishi wa mgonjwa mwenyewe, hakuna aliyeweza kusema, na Bi Taratibu hakuona haja ya kuuliza. Vidole viwili havikuokoka, vikakatwa. Lakini siku mkojo ulipoanza kutoka, wodi nzima iliupokea kama mgeni wa heshima, na dada mtu akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Mrija wa kupumulia ulipoondolewa, mgonjwa alitaka kujua nani anaoka mikate.

"Mimi," dada yake akasema.

"Basi wateja wamekwisha," akajibu kwa sauti ya kukwaruza.

Alirudi kazini baada ya miezi mingi, amekonda, akijifunza kukanda unga kwa vidole alivyobakiwa navyo. Bi Taratibu aliingia dukani siku ya mapumziko yake. Dada mtu alimtambua papo hapo, akatoka nyuma ya meza kumkumbatia. Mwoka mikate hakumjua, angemjuaje na siku zile alikuwa hajitambui?

"Huyu mama ndiye aliyekaa na damu yako," dada yake akamwambia.

Akamtazama mgeni, akafuta unga mikononi. Kisha akamletea kiti, akakipangusa, akamwomba akae asubiri mikate itoke. Bi Taratibu akakaa. Siku ile hakuwa na mashine ya kuiangalia, na joto la tanuri lilimpendeza.