Ikianza Kulala, Iachilie

Juzi pale steji ya Kawangware 46 niliona boda boda ikianguka. Ilikuwa karibu imesimama, dereva akikata kona kwenye matope, ikalala polepole kama ng'ombe aliyechoka. Dereva aliruka kando, safi kabisa. Aliyepiga kelele ni abiria.

Baba yangu aliendesha boda boda Kibera, na vijana wapya wa steji aliwafunza jambo hilohilo: "Pikipiki ikianza kulala, iachilie. Huiwezi."

Alasiri moja alikuja kunichukua shuleni. Mvua ilikuwa imeisha, njia nzima ikinuka petroli na omena za kukaanga, na Baba alikuwa amekunja suruali hadi magotini. Karibu na mlango wetu, huko kijiji cha Raila, tukiwa tunasimama, gurudumu la mbele liliteleza, tukalalia upande wa kulia. Baba hakuachilia. Aliingiza mguu wake chini ya pikipiki, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Shuka, mami. Pole pole." Nilisikia harufu ya nyama ikiungua, nikadhani jirani ameanza kuchoma mutura.

Jioni nilimchongea kwa Mama. "Baba ameanguka pikipiki ikiwa imesimama! Amesahau hata anachofunza wengine."

"Ni kweli," Baba alisema, akijipaka mafuta mguuni. "Leo nimesahau."

Tulicheka. Hadithi hiyo nimeisimulia miaka mingi, na watu hucheka.

Abiria wa juzi alikuwa msichana mwenye sare ya shule. Ekzosi, lile bomba la moshi lenye moto ambalo huwa upande wa kulia, ilikuwa imemlalia mguuni. Nilimsaidia kuinuka. Nilipofika nyumbani niliutazama mguu wangu wa kulia. Hauna hata alama.