Betri Iliyokuwa Ikifia Uani

Mwaka baba alipohamia kwangu Lubaga, nilikuwa na gari dogo jekundu lenye ugonjwa wa ajabu. Siku za kazi liliniheshimu. Nililiendesha mpaka Mengo, nilikokuwa muuguzi wa wodi ya wazazi, na kesho yake liliwaka bila neno. Lakini nikipata mapumziko, likakaa uani siku mbili tatu, nikigeuza ufunguo lilisema "tik" moja tu, kisha kimya.

Aliyekuwa akiniokoa ni jirani yangu, mama wa Kikongo aliyekimbia vita kwao Bukavu na sasa akiuza vitenge katika soko la Owino. Alikuwa na pikapu kuukuu ya kubebea marobota. Akiisikia ile "tik" tu, alitoka na nyaya za kuamshia gari begani kabla sijamwita.

"Motokari yako imelala tena, dada?"

"Imelala."

"Basi tuiamshe. Mungu yeye halali."

Betri nilikwisha kuibadilisha. Fundi alikwisha kupima kama injini inaichaji, akasema inaichaji vizuri. Nikaamua kwamba kuna magari ya namna hiyo, kama walivyo watu wa namna hiyo.

Baba alikuwa dereva wa jeshi. Vita vya huku kwetu vilipokwisha, jeshi jipya lililoshinda lilimchukua kuendesha malori ya chakula kwenda kaskazini. Nilikulia kambini, nikizungumza Kiswahili na watoto wa kila kabila, na baba nilimjua kama mtu anayefika: anafika, anaoga, analala, anaondoka. Aliyetulea ni mama, Mkatoliki aliyeolewa na Mwislamu wa West Nile na asiiache rozari yake. Mama alipofariki, na presha ya macho ilipomwachia baba vivuli tu, nilimchukua. Alikuwa mpole kupita kiasi. Alikaa barazani akiisikiliza redio kwa sauti ya chini, asimsumbue mtu, nami sikujua nimwambie nini. Tuliishi kama abiria wawili waliokutana kituoni.

Asubuhi moja nilikuwa nimpeleke kliniki ya macho. Tukaingia garini, nikageuza ufunguo. Tik. Jirani alikuwa amekwisha kwenda sokoni. Niliuegemeza uso kwenye usukani, machozi yakanitoka, na niliona aibu kulilia gari.

Baba alinigeukia. Kisha akauliza, kwa sauti ngumu ambayo sikuwa nimeisikia tangu kambini, "Linakufa likitembea, au likikaa?"

"Likikaa, Baba."

"Basi acha kuilaumu betri. Kuna kitu humu kinakunywa umeme gari likiwa limesimama. Piga simu kliniki, waambie tutakuja siku nyingine. Leo tunamtafuta mwizi."

Jirani aliporudi alasiri alituamshia gari, nikalizungusha mitaani mpaka betri ikashiba. Baba alimwomba balbu ndogo ya gari. Jirani akaipata kwenye kopo lake la misumari, nasi tukaifunga nyaya mbili. Baba akaniambia nizime kila kitu, nifungue waya wa negativu kwenye betri, kisha niiweke ile balbu katikati: waya wake mmoja kwenye betri, wa pili kwenye ule niliofungua.

"Umeme wowote unaotoka lazima upite hapo," alisema. "Gari lililozimwa halina haki ya kuwasha balbu hiyo. Inawaka?"

"Inawaka," alijibu jirani, ameinama chini ya boneti. "Kidogo, kama kaa la moto linalokufa."

Baba akatabasamu.

Kisanduku cha fyuzi kilikuwa ndani, chini ya usukani, kwa hiyo mlango ulibaki wazi. Baba akakipapasa kile kitufe cha mlango kinachowasha taa ya ndani, akakibonyeza kwa dole gumba, gari lidhani limefungwa. Nikapiga magoti, nikawa nachomoa fyuzi moja moja na kuirudisha.

"Iko!" jirani alipiga kelele kutoka mbele. "Bado iko! Iko!" Nikachomoa nyingine. "Eh! Imekufa!"

Baba aliniuliza fyuzi ile inalisha nini. Nilisoma kwenye kifuniko: saa, taa ya ndani, taa ya buti la mizigo.

"Saa haina njaa hivyo, na taa ya ndani nimeishika mimi hapa. Ukifunga buti, nani anaona kama taa yake imezimika?"

Tulirudisha kila kitu mahali pake, tukalifunga buti, tukangoja. Jirani alikwenda kuinjika sombe, mboga yao ya majani ya muhogo. Mimi na baba tulikaa viti vya mbele bila safari yoyote, na hapo ndipo alipoanza kuzungumza. Alinisimulia lori lake la kwanza baada ya vita, lililokuwa na betri mbovu kiasi kwamba aliliegesha penye mteremko tu. Siku moja alilazimika kuliacha tambarare, karibu na nyumba zetu. Asubuhi wanaume wote walikuwa kwenye gwaride. Mama akatoka na wanawake wenzake wa kambini, wakalisukuma lile lori wakiimba wimbo wa kanisani.

"Mama yako alikuwa na mimba yako," alisema. "Nilimkataza. Akaniambia, 'Wewe shika usukani, mengine tuachie.' Lori liliwaka, nikawa siwezi kusimama kumshukuru, lingezima tena. Nilipiga honi mpaka getini."

Aligeukia dirishani. Sikuwahi kuisikia hadithi hiyo. Niliushika mkono wake, naye hakuutoa.

Baadaye alishuka, akalifuata gari kwa kiganja mpaka nyuma. "Fungua." Niliinua buti, akaingiza vidole mpaka kwenye ile taa, akavirudisha upesi, akacheka kwa sauti. "Inaunguza! Ilikuwa inawaka humo gizani muda wote!"

Taa haikuwa mbovu. Tulipokibonyeza kitufe chake kwa kidole ilizimika. Lakini kuna gari lililowahi kunigonga kwa nyuma kwenye foleni, na tangu siku hiyo kifuniko cha buti kilikaa upande, hakikukifikia kitufe. Baba alivua ndala, akakata kipande cha kisigino, akanielekeza nikigandishe kwenye kifuniko, pale kinapokutana na kitufe. Tukairudisha balbu yetu kwenye betri, nikalifunga buti.

"Je?" aliuliza baba.

"Giza," jirani alisema, akapiga makofi.

Wiki iliyofuata nililiacha gari kwa mapumziko yangu yote, na siku ya kliniki likawaka mara moja. Daktari hakuweza kumrudishia baba macho. Dawa zilimlindia vivuli vile, basi. Lakini tulipotoka hakutaka kurudi nyumbani. Aliniomba tupande kilimani kanisani, alikokuwa akisali mama. Tuliegesha nje, tukafungua madirisha, tukaisikiliza kwaya ikifanya mazoezi, naye akaendelea kunisimulia habari za mama tangu siku walipokutana. Nilimsikiliza mpaka waimbaji wakatawanyika. Namshukuru Mungu kwa jioni ile, na kwa nyingine nyingi alizotujalia baadaye.