Mkono wa Kushoto wa Mzee Munyao

Mzee Munyao wa Ndithini alijenga mabwawa ya mchanga kumi na saba, na mto haujabeba hata moja. Hilo lisemwe mapema, kwa maana wako watu, na wanajijua, waliosema akili yake imekwenda. Kuta zake za mawe na simiti zinakatiza mito mikavu. Mvua ikinyesha, mchanga hujaa nyuma ya ukuta na maji hujificha humo, na kiangazi akina mama huyachota. Kijiji kizima kilikunywa kazi ya mikono yake.

Kisha kiharusi kikamwangusha. Mkono wa kulia ukafa, na maneno yakampotea. Daktari mjini Machakos aliieleza familia kwa upole: mzee anaelewa kila kitu, anajua anachotaka kusema, ila neno halifikii. Akautaja ugonjwa wenyewe, afasia. Wakaitikia ndiyo, ndiyo, wakarudi nyumbani, wakaanza kumpigia kelele kama kiziwi. Ajabu hiyo!

Neno moja tu ndilo lililombakia: Alhamisi. Chumvi ni Alhamisi, mbwa ni Alhamisi, nipeni koti ni Alhamisi. Kimeu, mwanawe, aliinama kila mara akimkodolea macho mdomoni. "Sema pole pole, Baba." Kadiri alivyokodolewa ndivyo ulimi ulivyozidi kufunga, na wote wawili wakachoka.

Nthambi, mke wa Kimeu, hakuwa na habari na mdomo huo. Alilelewa kwa mila za Kikamba za zamani, ambapo mke hamtazami baba mkwe usoni. Hushusha macho, na ndiyo heshima. Basi mzee aliposema naye, macho yake yalitua mapajani mwa mzee, na huko mkono wa kushoto ulikuwa ukizungumza. Mdomo ulisema Alhamisi. Vidole vilizunguka kama vinafunga mfereji wa tangi. Nthambi akatoka nje, akakuta kweli mfereji unavuja. Siku nyingine vidole vilivuta kwenda chini, kimoja kimoja. Lo, mbuzi hajakamuliwa! Baada ya miezi mitatu hakuwa akikosea. Lakini hakumwambia mtu. Aanzie wapi kumfundisha mwanaume maneno ya baba yake mwenyewe? Angeambiwa ana kimbelembele.

Ikafika siku ya bwawa la kumi na nane. Kikundi cha mwethya, watu arobaini wa kazi ya pamoja, wengi wao akina mama, kilikuwa kimechimba msingi kukatiza mto, na fundi mgeni, Nzioka, alikuwa tayari kumwaga zege. Simiti ilikuwa ya msaada, na isingepatikana nyingine. Mzee aliletwa akaketishwa juu ya debe, kwa heshima tu, atazame.

Alitazama. Macho yalipofika mwisho wa msingi, kwenye ukingo wa juu, aliinuka kwa shida. "Alhamisi! Alhamisi!" Akaunyanyua mkono uliokufa kwa ule mzima, akaulaza kifuani. Akajipiga begani kwa ngumi. Kisha akaushika ule mkono uliokufa na kuusukuma mfukoni mwa koti, ndani, ndani zaidi. Akarudia tangu mwanzo.

"Anataka ugoro," Kimeu akasema, akamtilia kikopo mfukoni. Mzee akakitoa, akakitupa mchangani. Watu wakacheka.

"Pole yake," mmoja akanong'ona. "Akili imeenda."

"Tuchanganye, jua linapanda," Nzioka akasema.

Nthambi alikuwa amebeba maji. Alikuwa ameelewa tangu mara ya kwanza. Zege likimwagwa hapo, limemwagwa. Mvua moja kubwa, na simiti yote na jasho la kijiji vitakwenda na mto. Lakini yeye, mke wa juzi, amsimamishe fundi na kumkosoa mumewe mbele ya watu arobaini? Akatua mtungi.

"Ngojeni! Msimwage! Baba hataki ugoro. Anasema ukuta ni mfupi. Huu mkono ndio ukuta. Hapa begani ndio ukingo. Maji itapiga hapa, izunguke, ibebe kila kitu. Anataka ukuta uingie ndani ya ukingo, kama mkono mfukoni."

Nzioka akacheka. "Mama, hapo ni mwamba. Niligonga mwenyewe. Na alikuambia lini haya yote? Alhamisi?"

"Nthambi, wacha," Kimeu akasema, uso umemshuka kwa aibu.

Hakuacha. "Baba, hapo ni mwamba?"

Mkono wa kushoto ukatandazwa, ukayumba, ukapinduka.

"Anasema ni jiwe limelala tu."

"Leteni mtaimbo!" Nzioka akafoka. Akapiga mwenyewe ubavuni mwa huo mwamba wake, ili amalize maneno. Pigo la tatu mtaimbo ulizama mpaka ngumi. Akausukuma, na jiwe likabingirika mtoni. Nyuma yake palikuwa na mchanga laini, njia ya zamani ya mto, ambayo Munyao peke yake aliikumbuka.

Nzioka alikuwa muungwana, apewe haki yake. Akavua kofia. "Mzee, tuchimbe mpaka wapi?"

Munyao akapanda ukingoni akiburuta mguu, akahesabu hatua kumi na moja, akachomeka fimbo. Walichimba siku mbili. Kwenye fimbo, mtaimbo ulilia juu ya mwamba wa kweli. Novemba mto ulishuka na miti mizima, na ukuta haukutikisika.

Lakini jioni ile ya kwanza Kimeu alimfuata mkewe jikoni, akasimama mlangoni.

"Ameanza lini kuongea hivyo?"

"Tangu atoke hospitali."

"Na mimi? Mimi huniambia nini?"

Nthambi akamwambia kama ilivyo.

"Kila jioni ukiingia, anakuambia pole kwa kazi."