Majani ya Mwezi wa Nane

Nilitoka Baraka, mji wa ziwani nilikokimbilia, kwa sababu ya ngombe wawili. Vita ya pili ilikuwa imekula nyumba yangu ya Swima, mitumbwi ya kaka yangu na mbuzi wote. Walibaki hao wawili tu, na hawakubaki kwangu. Marehemu baba aliwaweka kwa rafiki yake, mufugaji wa milima iliyo juu ya Fizi. Desturi ilikuwa hivi: wewe wa ziwani unampa muntu wa juu ngombe akuchungie, yeye anakunywa maziwa, na mzao wa tatu unakuwa wake. Wazee wawili hao walikufa, mutoto wa yule mufugaji, Muhoza, akaendelea kuchunga. Sasa nilisikia kwamba huko juu majani yameisha, ngombe wanaanguka. Mmoja wa wangu, jina lake Bihogo, alikuwa na mimba ya tatu. Nikasema nimutoe kabla hajafa.

Asubuhi, njia ya Mutambala. Nilibeba nusu gunia ya chumvi mgongoni, maana kule juu chumvi haikufika tena. Kwenye mto kulikuwa na bariere, kizuizi cha njia, ya watu wa Komanda Alimasi, mkubwa wa waasi. Ninaandika jina lake, kwa sababu wengi wanasema tu "batu ba pori", kama vile pori lina mikono. Mmoja alijaza kofia yake chumvi yangu, akaniambia nisalimie ngombe.

Mchana, Fizi. Nilipita kwa Kapita Wilondja, mkuu wa pale, kujionyesha, maana mugeni asiyejionyesha alionekana mpelelezi. Tangu zamani kapita alipewa ngombe na wafugaji kila kiangazi ili wachunge kwenye udongo wake, na hakuna aliyelalamika. Lakini siku hizi alikula kwao na kwa Alimasi pia. Watu wa Alimasi walikuwa wamekaa pale pale wakati alipocheka na kusema Muhoza iko na bonde zima la majani, analifunga kwa bwivu, na ngombe zake zinakufa. Hakuna aliyemuuliza. Alisema mwenyewe.

Kesho yake, juu. Kila mlima niliopita ulikuwa umechomwa moto na waasi waliowinda, na baridi ilitoka chini kwenye majivu. Nilikuta Bihogo amekuwa mbavu tu. Na hapo chini kidogo, nyuma ya uzio wa miiba, bonde limejaa majani marefu, yamesimama. Nilimuuliza Muhoza kama ni akili hiyo.

"Haiko ya leo," alisema. "Iko ya mwezi wa nane."

Alinieleza tukitembea. Mlima wake aliugawa, na ngombe walihamishwa kabla majani hayajafika chini ya kwato, kwa sababu yakiliwa mpaka mzizi hayarudi. Bonde lilifungwa tangu mvua ilipokata, lingoje wakati ambapo hakuna kingine. Mimi nilitaka kumwaga chumvi karibu na kisima, ngombe wanywe na kulamba fasi moja, mahali pamoja. Alicheka.

"Muko bantu ba samaki. We ukiweka chumvi kwa mayi, batasimama pale pale mpaka kisima inakuwa matope. Peleka kule yulu."

Tukaipeleka mgongoni mwa mlima, kwenye majani magumu ambayo hawakuyagusa. Wakapanda wenyewe wakifuata chumvi, wakala njiani. Nilitaka kushuka na Bihogo siku ile ile. Muhoza akakataa: angeanguka kabla ya Fizi, na kule ziwani ngombe za wakimbizi zilikuwa zimemaliza ukingo wote. Angojee bonde lifunguliwe, apate nguvu, ndipo atembee. Nikangoja.

Mwezi wa nane haukufika, Alimasi akafika. Alileta kundi la ngombe za kuibiwa, nyingine nikazijua kwa alama za masikio, ni za watu wa Fizi. Wilondja ndiye aliyetangulia mbele akionyesha njia. Walikata uzio. Muhoza hakuwaambia watoke. Alisimama mbele ya Alimasi, mikono chini.

"Komanda, tugawe. Leo upande huu, kesho ule. Itatosha zenu na zetu mpaka mvua."

"Mvua?" Alimasi alisema. "Mi mvua itanikuta fasi ingine."

Waliingiza zote kwa mara moja. Zilizokula ni chache kuliko zilizokanyaga. Halafu wakashuka upande wa Kazimia, kuzipakia kwenye mashua. Bonde lilibaki matope, na kisima nacho.

Yule ngombe wangu wa pili alianguka siku ile, akafa. Muhoza alichukua panga, akapanda kwenye mawe ambako ngombe hawafiki, akarudi na mizigo miwili ya majani. Zake zilikuwa zinalia pale. Mzigo mmoja alimupa Bihogo, wa pili akanifunga mgongoni.

"Zangu hazina fasi ya kwenda," alisema. "Huyu iko nayo."

Kushuka. Nilikwepa Fizi na bariere. Kila tulipopumzika nilimpa Bihogo konzi moja ya majani, si mbili. Tulifika Swima, na mvua za kwanza akazaa jike. Mzao wa tatu.

Nyumbani nilizungusha miiba na nyavu mbovu kwenye shamba la muhogo lililolala. Chumvi ninaiweka mbali na ziwa. Mama Neema, jirani, aliniambia Alimasi atanishukuru kwa kumutunzia majani. Lakini Alimasi nilimuona akila majani, nikajua ni ulaji wa muntu asiye na mwaka kesho, na kila mmoja wetu tangu vita ameanza kula hivyo. Sikutaka.

Kwa Muhoza nilituma habari na kila mubeba chumvi aliyepanda. Hakuna jibu. Wengine wanasema alivuka ziwa, wengine wanasema neno lingine.

Kiangazi kimoja Kapita Wilondja alipita na ngombe zake, zimekonda. Ndama wa Muhoza, sasa mkubwa, alikuwa anatuangalia kupitia nyavu. Kapita akaniomba nifungue.

"Iko ya mwezi wa nane," nilimwambia.

"Baba Amisi, si tuko mwezi wa nane?"

Nikamjibu ni kweli, lakini mwenyewe, Muhoza, bado hajafika.