Afiya anaita wageni bila kutaja jina la hoteli

Saa nane mchana, jua la Mambrui limewafungia watu majumbani. Afiya Ubaid ameketi mkekani, ameipakata kompyuta. Anaandika, anafuta, anaandika tena. Tangazo hili jipya halizidi mistari miwili, ila limemshughulisha tangu asubuhi.

"Neno moja tu ndilo ningelitaka," anasema, "na hilo ndilo nililokatazwa."

Neno hilo ni jina la hoteli moja ya Malindi. Anaomba hata gazeti lisilitaje, nasi tumemstahi.

Afiya, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja, huitafutia hoteli hiyo wageni kwa kamisheni. Hununua matangazo yanayotokea juu kabisa mtu anapotafuta jambo mtandaoni. Kila mtu anapolibofya tangazo, Afiya hukatwa shilingi kadhaa. Mgeni akilipia chumba, ndipo naye anapopata fungu lake.

Kazi hii aliianza kwa sababu ya mumewe, Msellem, ambaye ni dereva huko Doha, mwaka wa sita sasa. Walikubaliana kwamba kamisheni ikitosha kuendesha nyumba, arudi. Na ilianza kutosha. Mwaka jana Msellem akamwarifu tajiri wake kwamba hatatia saini mkataba mwingine. Afiya akapaka chumba chokaa, akanunua shuka mpya.

Kilichomponza ni adabu aliyolelewa nayo. Marehemu babake alikuwa akiongoza wageni Malindi, na kwake yeye, kumpeleka mgeni mahali bila kutanguliza jina la mwenyeji kulikuwa utovu wa heshima. Afiya naye akafuata njia hiyo. Akalilipia jina la hoteli kama neno la kutafutia mtandaoni, ili kila anayelitafuta akutane na tangazo lake, kisha akaliandika juu ya tangazo hilo. Wageni wakamiminika.

Masharti aliyoyakubali siku ya kujiunga yalikataza yote mawili, kwani jina hilo ni alama ya biashara iliyosajiliwa. Alikuwa ameyapitia mbio mbio, kama tufanyavyo wengi wetu.

Simu ikaja kutoka kwa Phoebe, msimamizi wa mawakala wa hoteli. Hakupandisha sauti.

"Dada Afiya, anayeandika jina letu keshatujua, yuko njiani anakuja. Wewe umemngoja mlangoni, ukamshika mkono, halafu unatudai kamisheni. Na sisi jina letu wenyewe tunalilipia ghali zaidi, kwa sababu tunashindana nawe."

Akaunti ikafungwa, kamisheni za miezi miwili zikafutwa. Msellem alipopiga simu akaelezwa. Akasema hakuna neno. Wiki iliyofuata akatia saini miaka miwili mingine.

"Angenigombeza ningepoa," anasema Afiya. "Yeye akaniuliza tu kama asumini ya uani imechanua. Zile shuka zimo kabatini, sijazitandika."

Mwezi huu amerudishwa kazini, kwa masharti. Jina la hoteli asilitie popote, hata likikosewa herufi. Tena aliweke kwenye maneno ya kuzuiwa, ili anayelitafuta asikutane kabisa na tangazo lake. Sasa inampasa ampate mtu asiyeijua hoteli, anayejua tu anachokikosa.

Mtu wa namna hiyo anamjua vizuri. Kila akipiga simu, Msellem huulizia upepo wa alasiri, samaki wa kupaka, usingizi usio na mngurumo wa mashine ya baridi. Katika tangazo lake la kwanza tangu arudi, Afiya ameyachukua maneno hayo kama yalivyo: "Pumzika Malindi. Upepo wa bahari, samaki wa kupaka, usingizi mtulivu." Tangazo hilo amelielekeza hata kwa watu wa Pwani walioko Ghuba, kama Msellem.

Wageni wanne wameshalipia. Mpango wake ni kuongeza hoteli nyingine mbili, na safari hii atasoma masharti yote, ili mkataba wa Msellem ukiisha asihitaji mwingine. Anamtamani nyumbani, na hilo halifichi.

Simu inalia tukiwa papo hapo. Ni Msellem, yuko kwenye mapumziko ya mchana. Anasema ametafuta mahali pa kupumzika Pwani, na tangazo limemtokea juu kabisa.

Afiya anashtuka. Wakala na watu wa nyumbani mwake hawaruhusiwi kulibofya.

"Hukuligusa?"

"Sikuligusa," anajibu Msellem. "Naliangalia tu."