Kidude cha Moshi na Ukuta Usio na Mlango

Si mwandike wenyewe mliosoma? Herufi nazipanga moja moja kama kuni, halafu jarida la shule linanisumbua niandike habari za mwalimu wenu wa fizikia, eti kwa kuwa nimemzaa. Haya. Nimemzaa, na ananichosha.

Naishi kwake ghorofani. Kwenye dari ya jikoni kuna kidude cha kunusa moshi. Nikikaanga kitunguu tu, kinapiga ukelele jengo zima. Msimamizi wa jengo katuonya: kikilia tena ovyo, tutafute pa kuhamia. Nikamwambia mwanangu aking'oe. Wapi! Akaanza darasa.

"Mama, ndani mna punje ya madini. Chembe ya alfa imezungukwa na ukuta ndani ya kiini cha atomu. Nishati yake haifiki hata nusu ya kimo cha ukuta."

"Basi haitoki."

"Inatoka. Hairuki, haitoboi. Inagonga, inagonga, mara iko nje, na nishati yake ile ile."

"Mlango uko wapi?"

"Hakuna mlango, mama."

"Nimekusomesha uje kunipa habari za majini?"

Akacheka, mwenyewe kanoga. Eti ikizidi nishati kidogo tu, inatoka mapema mno. Ikipungua kidogo, itagonga miaka na miaka. Na ikishatoka, karatasi tu inaizuia.

Karatasi! Hapo nikamwelewa. Kesho yake alipokwenda shuleni kuwafundisha, nikapanda meza, nikapenyeza karatasi ndani ya kidude, nikiziba kila upenyo. Sijashuka, kikalia. Kikalia, kikakataa kunyamaza.

Msimamizi akaja mbio na ndoo ya mchanga. "Bibi, moto uko wapi?"

"Moto gani? Nimekiziba mdomo!"

Mwanangu alipofika, alichungulia, akaketi sakafuni. "Mama, chembe zikipita hewani, kinatulia. Moshi ukizivuruga, kinalia. Wewe umezizuia kabisa."

"Si ungesema!"

"Ulishikilia kuuliza mlango."

Akambembeleza msimamizi mpaka akalainika: tutabaki, ila kidude kihamie ukumbini kabla ya Jumapili, na mpaka hapo nisikaange chochote. Leo Ijumaa, bado nachemsha. Mwalimu wenu anajua chembe inavyopita ukutani bila tundu, lakini kutoboa tundu moja kwenye dari ya zege hawezi. Kavunja vyuma viwili vya kutobolea, kaniangalia kama nimemroga.

Basi nyie mnaocheka hapo, mmoja wenu aje kesho na mashine ya kutoboa, tena inayofanya kazi. Kitunguu kishakatwa.